Sentimita 15 za mfupa wa paja: kisa cha osteosakoma kutoka Rungwe

Mgonjwa katika kisa hiki ni binti wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha pili kutoka kijiji kimoja cha Rungwe, mkoani Mbeya, uzito kilo 46, urefu sentimita 155. Si mtu mmoja unayeweza kwenda kumtafuta. Kisa kimesukwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa rika lake, ili hesabu na maamuzi yafuatwe hatua kwa hatua bila kuanika faili la mtu. Ugonjwa wake ni osteosakoma, saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe, katika mfupa wa paja la kushoto. Baba yake mdogo alikuja na swali lake tayari: "Dokta, tumeona kwenye simu kuna mifupa inayochapishwa kwa mashine. Kwa nini binti yetu akatwe mguu?"

Swali ni la haki na linastahili jibu la kitaalamu, si la kumtuliza mtu. Kitu anachokizungumzia ni kiunzi: kipande chenye vitundu, cha kauri, kioo maalumu, plastiki inayoyeyuka mwilini au chuma, kinachowekwa kwenye pengo la mfupa ili mishipa ya damu na seli za mfupa zipate pa kupita na kujenga. Katika saratani ya mfupa kiunzi ni swali la tatu. La kwanza ni kama uvimbe utatoka wote ukiwa umezungukwa na nyama isiyo na ugonjwa. La pili ni kama dawa za saratani zitatolewa kwa wakati na kwa dozi kamili. Anayeanza na la tatu hujenga juu ya uvimbe.

Miezi minne kabla ya picha

Maumivu yalianza juu kidogo ya goti, na familia iliyahusisha na kuanguka shambani. Karibu kila familia ina anguko la kulaumu, kwa sababu vijana huanguka. Anguko humfanya mtu auangalie mguu, halileti saratani. Zahanati ilimpima malaria na kumpa dawa za maumivu. Baadaye akapelekwa kwa fundi wa kuchua, aliyemkanda paja kwa wiki kadhaa. Hapa pana hatari ambayo haisemwi vya kutosha: mfupa uliodhoofishwa na uvimbe unaweza kuvunjika ukikandwa kwa nguvu, na damu ya mvunjiko huo hubeba seli za saratani hadi kwenye misuli yote ya paja. Mguu uliokuwa unaokoleka hugeuka wa kukatwa. Huyu hakuvunjika. Ilikuwa bahati.

Kilichopaswa kuwashtua watu mapema ni maumivu ya usiku. Maumivu ya misuli hupoa mtu akilala; haya yalimwamsha. Kijana mwenye maumivu karibu na goti yanayomwamsha usiku kwa zaidi ya wiki mbili au tatu anahitaji eksrei ya pande mbili inayoonyesha mfupa na kiungo kilicho jirani, hata kama hana uvimbe wa kuonekana. Goti ndilo makao makuu ya ugonjwa huu: sehemu ya chini ya mfupa wa paja na sehemu ya juu ya muundi hubeba zaidi ya nusu ya osteosakoma zote.

Eksrei ilionyesha theluthi ya chini ya mfupa wa paja ikiwa na weupe usio na mpangilio, mfupa mpya uliochomoza nje kama miale ya jua, na pembetatu ya Codman pale ngozi ya mfupa ilipoinuliwa. Kimeng'enya cha alkalini fosfatesi kilikuwa juu, lakini kwa kijana anayekua kipimo hicho huwa juu hata akiwa mzima, kwa hiyo hakikupewa uzito peke yake. MRI, picha ya sumaku, ilipigwa kwa mfupa mzima wa paja, kuanzia nyonga hadi goti. Kuna maeneo wanapiga goti tu ili kuokoa muda, na hilo ni kosa, kwa kuwa osteosakoma huweza kuruka na kuacha kisiwa kingine juu zaidi ndani ya uboho. Uvimbe ulikuwa na urefu wa sentimita 11, na mwisho wake wa chini ulikuwa sentimita 6 juu ya mstari wa goti. Mishipa mikubwa ya damu ilikuwa imesukumwa bila kuzingirwa. CT ya kifua haikuonyesha vinundu. Hilo la mwisho ndilo lililofungua mlango wa mazungumzo mengine yote, kwa sababu takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hufika tayari ugonjwa umeonekana mapafuni.

Kinyama kilichukuliwa kwa sindano nene, vipande vitano, kupitia upande wa paja ambako mkato wa upasuaji mkubwa ungepita. Anayechukua kinyama anapaswa kuwa ndiye atakayeondoa uvimbe, au awe amezungumza naye kwanza. Njia ya sindano huhesabiwa kuwa imechafuliwa na seli na lazima iondolewe pamoja na uvimbe. Kinyama kilichochukuliwa kwa mkato wa kukingama, au kupitia upande usio sahihi, kinaweza peke yake kuugharimu mguu. Kipande kimoja kilipelekwa kuoteshwa vijidudu, kikiwemo cha kifua kikuu, maana usaha sugu wa mfupa na TB ya mfupa huiga sura ya saratani, na saratani huiga sura yao. Vilivyobaki viliwekwa kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kipande. Sampuli yenye mfupa hulainishwa kwanza kwa kuondolewa chokaa kabla ya kukatwa, kwa hiyo majibu huchelewa kwa siku kadhaa. Ndugu waelezwe mapema, la sivyo watadhani sampuli imepotea.

Dawa kwanza

Mpango wa dunia wa osteosakoma kwa vijana una dawa tatu: methotreksati ya dozi kubwa, doksorubisini na sisplatini. Methotreksati hutolewa gramu 12 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Eneo la mwili la binti huyu ni mita za mraba 1.41, kwa hiyo angehitaji karibu gramu 17 kwa mkupuo mmoja. Dozi hiyo inaua kama haina ulinzi: mkojo lazima ufanywe uwe wa alkali, maji ya mshipa yatiririke mfululizo, kiwango cha dawa kwenye damu kipimwe kila siku na majibu yarudi siku hiyo hiyo, na lukovorini, dawa ya kuzuia sumu ya methotreksati, itolewe kwa saa kamili. Pasipo na kipimo hicho cha damu, methotreksati ya dozi kubwa haiguswi. Hakuna cha kujaribu hapo.

Alipewa mpango wa dawa mbili: doksorubisini miligramu 75 kwa mita ya mraba, ikigawanywa siku tatu, yaani karibu miligramu 106 kwa mzunguko, na sisplatini miligramu 100 kwa mita ya mraba, yaani miligramu 141, siku ya kwanza. Mizunguko sita kila baada ya siku 21, mitatu kabla ya upasuaji na mitatu baada yake. Jumla ya doksorubisini inafika miligramu 450 kwa mita ya mraba, kiwango kinachoanza kuutia moyo mashakani, ndiyo maana moyo ulipimwa kwa ultrasaundi kabla ya dozi ya kwanza na tena katikati. Sisplatini huumiza figo na masikio na kushusha magnesiamu mwilini. Kreatinini na usikivu vilipimwa kabla.

Umbali nao ni sehemu ya tiba. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Saratani Ocean Road, ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Mgonjwa akirudi Rungwe kati ya mizunguko, siku ya 7 hadi ya 14 ndizo seli nyeupe huwa chini kabisa. Joto likifika nyuzi 38 asimeze parasetamoli akasubiri asubuhi. Aende hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo akiwa na barua inayosema yuko kwenye dawa za saratani, apewe antibayotiki ya mshipa, kisha ndipo simu zipigwe. Familia hii ilipewa barua hiyo, nakala mbili, moja ikakaa kwa mama mzazi.

Hesabu ya pengo

Sasa kiunzi. Uvimbe sentimita 11, ongeza sentimita 2 za mfupa mzima kila upande, pengo ni sentimita 15. Upande wa chini zinabaki sentimita 4 za mfupa juu ya goti, zinazotosha kushika skrubu na kuliacha goti lake mwenyewe. Kipenyo cha mfupa hapo tukikadirie milimita 28. Ujazo wa kukijaza chote ni karibu mililita 92. Chembechembe za kauri huuzwa kwa pakiti za mililita 5, 10 au 20, na ukingo wa mbele wa nyonga moja hutoa mfupa wa mililita 20 hadi 30 tu. Kwa hesabu ya ujazo peke yake, mambo tayari ni magumu.

Halafu nguvu. Mtu akitembea, paja hubeba takriban mara tatu ya uzito wake. Kwa kilo 46 ni kama nyutoni 1,350. Kauri yenye vitundu, iwe haidroksiapataiti au trikalsiamu fosfeti ya beta, huhimili mgandamizo wa megapaskali chache tu, wakati mfupa mgumu wa paja huhimili zaidi ya 100. Ukigawanya nyutoni 1,350 kwa eneo la mkato la milimita za mraba 616 unapata megapaskali 2.2, na mtu atasema: basi kauri inatosha! Haitoshi, kwa sababu mfupa wa paja haubebi mzigo wima. Uzito unapita pembeni mwa mhimili wake, na mfupa unapinda. Chukua nguvu hiyo hiyo ikiwa sentimita 3 nje ya mhimili: upande wa nje wa mfupa unavutwa kwa karibu megapaskali 19, ukitoa zile 2.2 za mgandamizo zinabaki kama 17 za mvuto mtupu. Kauri yenye vitundu ikivutwa hivyo hukatika kama chaki. Picha za matangazo huonyesha kiunzi kikigandamizwa kwenye mashine; sijaona tangazo linalokipinda.

Chuma cha titani kilichochapishwa hakina shida hiyo. Shida yake ni nyingine: kinahitaji CT ya vipande vyembamba, mhandisi, kiwanda, usafirishaji na wiki nyingi, wakati dirisha la upasuaji baada ya mzunguko wa tatu wa dawa ni wiki mbili hadi tatu. Tena kikifika, mipaka ya kukata haiwezi kubadilishwa. Kama MRI ya mwisho inaonyesha uvimbe umesogea sentimita moja, kipande hakitoshi.

Kuna kizuizi cha tatu, nacho ni damu. Vitundu vya mikromita 300 hadi 500 huruhusu mishipa kuingia. Vilivyo chini ya 100 huishia kujaa makovu. Lakini seli hai haiwezi kukaa mbali na kapilari zaidi ya sehemu ya kumi mbili za milimita, na mishipa hutambaa polepole kutoka kwenye ncha za mfupa na misuli ya pembeni. Katika pengo la sentimita 1 inafika. Katika pengo la sentimita 15, ndani ya mwili unaopokea sisplatini na doksorubisini, dawa ambazo kazi yake ni kuzuia seli kugawanyika, katikati ya kiunzi hubaki patupu kwa miaka.

Na vile viunzi vinavyodaiwa kutibu saratani yenyewe? Utafiti upo na ni mzuri. Viko vinavyobeba doksorubisini au sisplatini na kuiachia polepole. Viko vyenye chembe za oksidi ya chuma zinazopashwa moto na uga wa sumaku hadi nyuzi 42 hadi 46 ili kuua seli zilizosalia. Viko vyenye kioo hai, ukoo ulioanzishwa na Larry Hench mwaka 1969. Sehemu kubwa ya matokeo hayo ni ya panya na sungura. Uvimbe wa panya ni wa milimita. Dawa nyingi iliyopakwa kwenye kiunzi humwagika ndani ya siku moja au mbili za kwanza, ikichoma pia seli zinazotakiwa kujenga mfupa na kidonda kinachotakiwa kufunga. Zaidi ya yote, kinachomuua mgonjwa wa osteosakoma ni mapafu, na kiunzi kilichoko pajani hakifiki huko. Kumwambia baba mdogo kwamba kiunzi cha dawa kinaweza kuchukua nafasi ya mizunguko sita kungekuwa kumdanganya.

Protini ya kuchochea mfupa, BMP-2, nayo mara nyingi huuzwa pamoja na kiunzi. Mahali palipokuwa na saratani imekatazwa katika maelezo yake yenyewe ya matumizi, kwa sababu kichocheo hakichagui seli ya kuichochea. Kwa seli shina, zile zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, tahadhari ni hiyo hiyo.

Kilichochaguliwa

Kukata mguu kuliwekwa mezani bila kufichwa. Uhai wa mgonjwa aliyekatwa na wa yule aliyeokolewa mguu haupishani kama kingo za upasuaji ni salama kwa wote wawili, na mtu aliyekatwa huanza tena dawa mapema zaidi. Upasuaji wa kuzungusha, ambapo kifundo cha mguu hugeuzwa kikawa goti, ulielezwa pia. Ni mzuri kuliko sura yake, ila familia nyingi huukataa wakiona picha. Goti bandia la chuma lingefuta goti zima lisilo na ugonjwa kwa binti wa miaka 16, na vyuma hivyo hubadilishwa zaidi ya mara moja katika maisha. Mfupa wa maiti unahitaji benki ya mifupa.

Timu ikachagua kutumia mfupa wake mwenyewe. Kipande cha sentimita 15 kinatolewa kikiwa na uvimbe, kinasafishwa, kinagandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika hadi seli zote zife, kisha kinarudishwa mahali pake. Njia hii iliendelezwa na Tsuchiya na wenzake huko Kanazawa, Japani. Ukitazama kwa jicho la mtu wa viunzi, ni kiunzi bora: umbo linakaa sawasawa na pengo, nguvu hubaki karibu ile ile, protini za mfupa haziharibiki kama zinavyoharibika kwenye otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke wa moto, na gharama yake kubwa ni lita chache za naitrojeni. Sharti lake ni kwamba mfupa usiwe umeliwa. Uvimbe wa huyu ulikuwa wa weupe mwingi, mfupa bado mgumu; ungekuwa umetobolewa kama chujio, njia hii isingefaa.

Naitrojeni yenyewe si kitu kigeni Rungwe, wilaya ya ng'ombe wa maziwa: wataalamu wa uhimilishaji husafiri nayo kwenye mitungi yenye mbegu za madume. Kimiminika ni kile kile, ila mtungi wa mbegu hauingii chumba cha upasuaji. Hutumika mtungi wa hospitali na chombo cha chuma cha pua kilichotakaswa, kisicho na mfuniko wa kubana, maana lita 1 ikichemka hutoa karibu lita 700 za gesi. Chombo kilichofungwa hulipuka, na chumba kisicho na hewa hufukuza oksijeni bila harufu wala onyo. Madirisha au feni viwe vinafanya kazi, anayemimina avae kinga ya uso na glavu za baridi.

Siku ya upasuaji

Mfupa wa nyonga ulichukuliwa kwanza kabisa, upande wa kulia, kwa vyombo tofauti, kidonda kikafungwa na glavu zikabadilishwa, ndipo paja likaguswa. Ukigeuza mpangilio huu unaweza kupandikiza saratani kwenye nyonga. Mkanda wa kuzuia damu ulifungwa baada ya kuinua mguu tu, bila kuukamua kwa bandeji, kwa sababu kukamua ni kusukuma seli. Mfupa ulikatwa juu na chini kwa vipimo vya MRI iliyopigwa kabla ya dawa, si ile ya baada; uvimbe uliosinyaa huacha seli nyuma yake. Uboho wa ncha zote mbili zilizobaki mwilini ulikwanguliwa na kuangaliwa kwa darubini kabla ya kuendelea.

Kwenye meza ya pembeni nyama yote iliondolewa juu ya kipande, uboho ukachimbwa, na uvimbe laini ukatumwa kwa mwanapatholojia. Hapa ndipo njia hii inapodai kodi yake: mfupa ukirudi mwilini, mwanapatholojia hapati kipande kizima cha kupima ni asilimia ngapi ya uvimbe imekufa kwa dawa. Anahesabu kwa alichopewa, hivyo apewe kingi na kutoka sehemu mbalimbali. Kipande kikatobolewa matundu madogo ili barafu isikipasue, kikazamishwa dakika 20 kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kikaachwa dakika 15 kwenye joto la chumba, kisha dakika 15 kwenye maji safi ya nyuzi 30. Kuharakisha kwa maji ya moto huleta nyufa zisizoonekana, na kipande huvunjika miezi baadaye bila sababu inayojulikana.

Tundu la katikati lilijazwa saruji ya mfupa yenye antibayotiki, ikisimamishwa sentimita 1 kabla ya kila ncha ili isiingie kwenye maungio. Pleti ndefu ya pembeni ilifungwa kutoka juu ya goti hadi juu ya paja, skrubu nyingi zikiwa kwenye mfupa hai na chache tu kwenye kipande kilichogandishwa. Mfupa mfu hauzibi tundu, na kila tundu ni mahali pa kuvunjikia. Kwenye maungio mawili uliwekwa mfupa wa nyonga uliochanganywa na mililita 10 za chembechembe za trikalsiamu fosfeti. Hiyo ndiyo nafasi ya kauri katika kisa hiki: mililita 10 kati ya 92.

Kilichokwenda vibaya

Kidonda kilifunga na mzunguko wa nne ulianza siku ya 19. Wiki tatu baada ya upasuaji ndizo mwisho wa kuvumilia. Seli zilizokufa zilikadiriwa asilimia 85, chini ya ile 90 inayotakiwa. Kishawishi cha kuongeza dawa kilikuwepo, lakini jaribio la EURAMOS-1, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, lilionyesha kuwa kuongeza ifosfamaidi na etoposaidi kwa waliojibu vibaya huongeza madhara bila kuongeza uhai. Mpango ukaendelea ulivyokuwa.

Ungio la chini, karibu na goti, kwenye mfupa laini wenye damu nyingi, lilishika mwezi wa sita. La juu halikushika. Eksrei za mwezi wa tano na wa nane zilisomwa kuwa "linaendelea kuunga" kwa sababu palionekana weupe kwenye mstari wa mkato. Weupe ule ulikuwa chembechembe za kauri. Zinaonekana kwenye eksrei tangu siku ya kwanza, na asiyejua huziita mfupa mpya. Tofauti ipo: chembe za kauri zina kingo kali na hukaa moja moja, mfupa unaokua hufifisha kingo hizo na kuziunganisha. Maumivu ya kukanyaga yalikuwa yamesema ukweli mapema zaidi. Mwezi wa kumi na moja skrubu moja ya juu ilikatika.

Sababu zilikuwa tatu na zilifanya kazi pamoja. Picha ya siku ya upasuaji, ikiangaliwa upya, inaonyesha mwanya wa milimita 2 upande wa ndani wa ungio la juu: ncha hazikubanwa vya kutosha, na kauri ikatumika kuziba mwanya badala ya kuuondoa. Eneo lile ni mfupa mgumu wenye damu kidogo, na kipande kimoja kati ya viwili vinavyokutana pale ni mfu. Kisha mizunguko mitatu ya dawa ikaangukia miezi ile ile ambayo ungio lilihitaji seli zinazogawanyika. Mbili za mwisho haziepukiki. Mwanya uliepukika.

Kabla ya kurekebisha, mambo mawili yalitafutwa: usaha na saratani kurudi. CRP, kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na maambukizi, ilikuwa ya kawaida, eneo likanyonywa kwa sindano na kuoteshwa, MRI ikaangalia misuli ya pembeni, kifua kikapigwa CT. Vyote safi. Mwezi wa kumi na tatu, dawa zikiwa zimeisha zamani, ungio la juu lilifunguliwa, kovu na chembe zilizolegea zikaondolewa, ncha zikakatwa milimita chache hadi upande hai ukatoa damu, zikabanwa, pleti fupi ya pili ikawekwa upande wa mbele, na mfupa wa nyonga ya kushoto ukazungushwa nje ya ungio bila kauri yoyote. Mguu ukafupika karibu sentimita 1, jambo linalosahihishwa na soli ya kiatu. Ungio likashika mwezi wa tano baada ya hapo, likithibitishwa kwa CT.

Alikaa na magongo bila kukanyaga wiki sita, kisha akakanyaga kwa theluthi ya uzito, akijipima kwa mizani ya kawaida ya bafuni. Goti lilifundishwa kukunja tangu siku ya tatu. Barabara za milimani za Rungwe wakati wa mvua ni mtihani kwa mtu wa magongo, kwa hiyo alikaa Tukuyu mjini kwa ndugu hadi alipoacha gongo la pili. Pleti haziondolewi; kipande kilichogandishwa hujengwa upya taratibu mno na kitahitaji mwenzi wa chuma kwa miaka mingi. Eksrei ya kifua na ya paja ni kila miezi 3 kwa miaka 2 ya kwanza, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa tano, na zinaweza kupigwa Mbeya na kusomwa na timu ya Dar es Salaam bila yeye kusafiri. Kikionekana kinundu kimoja au viwili mapafuni, asafirishwe wiki hiyo, kwa sababu vinundu vichache vinavyokatika huondolewa kwa upasuaji na baadhi ya wagonjwa hupona.